Mlango wa oveni umejifunga na haufunguki: namna ya kuufungua bila kuvunja kitu

Kabla hujaushika mkono wa oveni ukauvuta kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kioo cha mlango bila kukigusa. Ukihisi joto, acha. Huenda oveni yako haina ubovu wowote, na ukiilazimisha ndipo utakapouleta.

Naandika haya nikiwa nimefungua majiko mengi ya watu hapa Dar es Salaam, na baada ya usiku mmoja mrefu wa kumwelekeza dada yangu kwa simu ya video. Yeye anaishi Columbus, Ohio. Ulikuwa usiku wa kuamkia Idi. Alikuwa ameshaoka vileja sinia tatu, akaona sakafu ya oveni imeganda mafuta meusi, akabonyeza kitufe cha kujisafisha akidhani ni kazi ya dakika kumi. Sinia la nne likabaki juu ya meza, vileja vibichi, vimefunikwa kitambaa. Saa tano baadaye kioo kilikuwa kimepoa, mlango umegoma, na dada kaweka mguu mmoja kwenye droo ya chini ili apate nguvu ya kuvuta.

Nilimwambia kitu kimoja kwanza, na ndicho ninachokuomba na wewe ukishike: usivute. Sukuma.

Kufuli hii inafanyaje kazi

Oveni za kujisafisha zilianzia Marekani, General Electric walipoziingiza sokoni mwaka 1963, na leo zimejaa Ulaya, Ghuba na kwenye nyumba mpya za huku kwetu. Ukibonyeza kitufe cha kusafisha, joto linapanda mpaka kati ya nyuzi 450 na 500 za Selsiasi. Keki unaioka kwa 180. Kwa joto hilo kubwa mafuta yaliyoganda yanageuka majivu, ukapangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Mtu akifungua mlango wakati huo, hewa inaingia ghafla na mabaki ya mafuta yanaweza kulipuka moto usoni. Ndiyo maana mlango unafungwa kwa komeo, na komeo halilegezwi mpaka joto lishuke chini ya nyuzi kama 300 hivi. Kila mtengenezaji ana kiwango chake.

Komeo lenyewe ni kitu kidogo. Juu ya mlango, ndani ya fremu, kuna ndoano ya chuma yenye umbo la kidole kilichopinda. Ndoano inaingia kwenye tundu lililo ukingoni mwa mlango. Nyuma yake kuna fito inayoelekea kwenye mota ndogo yenye mwendo wa kinyonga. Mota inazungusha kamu, yaani kigurudumu kisicho duara kamili: nusu mzunguko inafunga, nusu nyingine inafungua. Pembeni ya kamu kuna swichi ndogo, moja au mbili, zinazoiambia bodi, yaani bati la umeme linaloiongoza oveni, kwamba ndoano imefika au haijafika. Bodi haina macho. Inaamini swichi, na inaamini sensa ya joto. Mmoja kati ya hao akisema uongo, mlango haufunguki.

Sasa ona kinachotokea ukivuta. Ndoano inakandamizwa kwenye ukingo wa tundu. Mota, ambayo nguvu yake ni ndogo sana, inajaribu kuitelezesha na haiwezi, kwa sababu wewe umeibana. Ukisukuma mlango kuelekea ndani, mpira wa mlango unabonyea milimita moja au mbili, ndoano inapata nafasi, na mota inaiondoa bila shida.

Hakikisha kwanza si kufuli ya watoto

Tazama kioo cha saa. Kuna alama ya ufunguo au kufuli? Tafuta kitufe chenye alama hiyo hiyo, kibonyeze na ukishikilie kwa sekunde 3 mpaka 5. Kwa kawaida kufuli hii inazuia vitufe tu, lakini kuna majiko ya Marekani ambayo ikiwashwa inafunga na mlango pia, ingawa hakuna aliyewasha usafishaji. Mtoto amepita na kitambaa akifuta jiko, akakibonyeza kitufe kwa muda, basi.

Jambo jingine la haraka: umeme ulikatika? Oveni nyingi za Ulaya haziamki vizuri mpaka uziwekee saa upya. Ukiona tarakimu zinapepesa, weka saa, subiri dakika moja, kisha jaribu mlango.

Kusubiri, na usizime umeme ili kuharakisha

Usafishaji wenyewe unachukua kati ya saa 2 na 4. Baada ya hapo kuna kupoa, kuanzia nusu saa hadi saa moja na nusu. Ukibonyeza kitufe cha kughairi katikati, joto linaacha kupanda lakini mlango haufunguki palepale. Bado ni lazima upoe. Watu wengi wanaonipigia simu wamo ndani ya muda huu, na hakuna cha kutengeneza.

Usimwagie kioo maji wala usiweke kitambaa cha maji baridi. Kioo cha moto kikiguswa na baridi ghafla kinapasuka vipande vidogo vidogo, na hapo utanunua mlango.

Halafu usizime umeme ukutani oveni ikiwa bado ya moto. Naona kosa hili kuliko yote, hasa kwenye oveni zilizochomekwa ndani ya kabati. Zile zina feni inayotoa joto juu, mahali zilipo bodi na mota ya kufuli. Umeme ukikata, feni inasimama, joto lote linapanda na kutulia pale juu. Mteja wangu mmoja wa Mikocheni alizima meni swichi kwa hofu ya harufu ya moshi. Nilipoifungua kesho yake, plastiki ya swichi ndogo ilikuwa imeyeyuka na kugandiana na kamu. Harufu na moshi kidogo mwanzoni ni kawaida. Fungua madirisha, toa watoto jikoni. Na kama mna kasuku ndani ya nyumba, mtoeni nje kabisa kabla ya kuanza, maana mapafu ya ndege hayastahimili moshi huo na anaweza kufa.

Umeme ukikatika wenyewe, jambo tunalolijua, subiri urudi. Oveni ikipata umeme itapima joto lake na kufungua ikishapoa.

Imepoa kabisa na bado haifunguki

Sasa ndipo kazi inaanza. Kwenye hatua hii bado hushiki bisibisi.

Zima breka ya jiko. Marekani ni breka pana yenye pingili mbili, mara nyingi ya ampea 40 au 50. Huku kwetu tafuta swichi kubwa ya jiko ukutani au kwenye kisanduku cha breka. Acha dakika 5 kamili ili bodi isahau ilichokuwa inafanya. Kabla ya kuwasha, mweke mtu mwingine kwenye breka, wewe simama mbele ya oveni. Weka viganja viwili kwenye pembe za juu za mlango, au egemeza nyonga, na sukuma ndani kwa uthabiti bila kugonga. Mwambie awashe. Oveni nyingi zikipata umeme huangalia kufuli yake mara moja na kuizungusha mota. Endelea kusukuma kwa dakika nzima. Sikiliza.

Kwa dada yangu tulisikia muungurumo mwembamba, kama nzi ndani ya chupa, kwa sekunde kama ishirini. Kisha kikasikika kishindo kidogo cha chuma. Mlango ukaachia. Mafuta yaliyokuwa yameganda kwenye tundu la ndoano ndiyo yaliyoibana, na kule kuvuta kwake kukazidisha.

Ikishindikana mara ya kwanza, rudia. Ikishindikana tena, tumia ujanja huu, lakini oveni iwe baridi: chagua kusafisha upya, bonyeza kuanza, subiri mota iishe kuzunguka na taa ya kufuli itulie, kisha ghairi papo hapo huku unasukuma mlango. Unailazimisha kamu imalize mzunguko wake kuanzia mwanzo. Isizidi dakika moja, usiiache ikapata moto.

Sikio lako ni kipimo

Kabla ya kufungua kitu, jua ni kipi unachokitafuta. Mota ikiunguruma bila kukoma na mlango haufunguki, basi umeme unafika na mota ni nzima: ama ndoano imebanwa, ama fito imechomoka au kupinda, ama swichi ndogo haiambii bodi kwamba safari imekwisha. Ikiunguruma kidogo, ikasimama, na kioo cha saa kikaonyesha msimbo wa hitilafu, anza kushuku swichi ndogo. Kwenye oveni za Frigidaire misimbo ya kufuli ya mlango huanzia na F9. Kwenye Whirlpool nyingi ni F5 ikifuatana na E1. Kitabu cha oveni yako kitakuwa na jedwali lake.

Kimya kabisa ni habari nyingine. Ama mota imekatika waya ndani, ama swichi ya joto, inayokata umeme joto likizidi, imekata njia, ama sensa ya joto inaidanganya bodi kwamba oveni bado ni ya moto, ama bodi yenyewe imekufa. Nimetaja bodi mwisho makusudi, kwa sababu mafundi wengi huanza nayo, na ndiyo ghali kuliko vyote.

Kama umepanga nyumba, ishia hapa

Oveni ni ya mwenye nyumba. Dada yangu angeshindwa, ningemwambia apige picha ya msimbo, aandike muda, awaandikie wasimamizi wa jengo lake na kuwaachia fundi wao. Ukifungua mwenyewe kitu kisicho chako kikaharibika, gharama inaweza kukurudia.

Oveni ikiwa mpya na waranti haijaisha, usiguse skrubu hata moja. Na ikiwa ni oveni iliyounganishwa na maikrowevu ndani ya boksi moja, usiifungue kamwe hata kama umezima umeme. Maikrowevu ina kapasita inayohifadhi umeme wa kuua.

Kuifungua ndoano kwa waya

Breka iwe imezimwa. Chukua hanga ya waya, inyooshe, ncha moja uikunje iwe kindoano cha sentimita moja na nusu. Zungusha utepe kwenye sehemu itakayogusa enameli, lile gamba gumu linalong'aa, usije ukaikwaruza. Angaza tochi kwenye mwanya wa juu kati ya mlango na fremu mpaka uione ndoano. Iko katikati, au imeelemea upande mmoja. Ingiza waya kutoka pembeni, ufikishe nyuma ya ndoano, kisha mwenzio asukume mlango ndani wakati wewe unaitelezesha ndoano kwa upande. Upande upi unategemea oveni. Jaribu mmoja polepole, ukigonga mwamba jaribu wa pili. Ikikataa pande zote mbili, mota imeishikilia na waya haitatosha. Usiendelee mpaka ukapinda fremu.

Bisibisi usiichomeke hapo kama mtaimbo. Kioo cha oveni kinastahimili joto, lakini pigo dogo la chuma ukingoni linakivunja chote.

Kuingia kwa nyuma

Jiko la kusimama lenyewe ndilo rahisi. Chomoa plagi, au kama limeungwa moja kwa moja zima breka na uhakikishe kwa mita ya kupimia umeme kwamba hakuna umeme. Marekani pima waya zote mbili zinazoleta umeme, maana moja inaweza kubaki hai. Jiko la gesi: funga valvu kwanza na uangalie mpira wa gesi usivutwe. Toa jiko mbele kwa kulinyoosha. Mengi ya Marekani yana chuma nyuma chini kinachoshika mguu ili jiko lisipinduke mtoto akikanyaga mlango. Ukirudisha, hakikisha mguu umeingia tena pale.

Ondoa skrubu za bati la nyuma. Waya usizikate wala kuzichomoa kabla hujapiga picha, moja ya karibu na moja ya mbali. Fuata fito kutoka upande wa mlango mpaka uione mota, ya duara, kubwa kama chupa ya dawa ya kikohozi iliyokatwa, imeshikwa na skrubu mbili. Usiipindue kamu kwa koleo. Mota hizi zina giya ndogo ndani na nyingi hazikubali kurudishwa nyuma kwa nguvu. Legeza zile skrubu mbili, mota iachie kamu, kisha isukume fito kwa kidole. Mlango utafunguka.

Oveni ya ndani ya kabati ina kikwazo kimoja kibaya: skrubu zinazoishika kwenye kabati mara nyingi ziko kwenye fremu inayoonekana mlango ukiwa wazi, na mlango ndio umefungwa. Hapo unatafuta njia kwa juu, kwa kutoa jiko la juu ya kaunta kama liko hapohapo, au kwa nyuma ya kabati. Oveni hizi zinazidi kilo 30. Usiitoe peke yako. Kama njia zote zimezibwa, mwite fundi aliyewahi kufanya kazi ya aina hiyo, na muulize kabla hajaja kama amewahi.

Kupima, ukishafika

Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, umeme ukiwa umezimwa, na chomoa waya za kifaa unachokipima.

Mota: nzima inasoma mamia au maelfu ya omu kulingana na umeme wake. Mita isiposogea kabisa, waya wa ndani umekatika, nunua nyingine. Swichi ndogo: ibonyeze kwa ncha ya kalamu, usikie mlio wake mdogo, na mita ibadilike kutoka njia wazi kwenda karibu na sifuri au kinyume chake. Ikilia bila kubadilika, imeungua ndani. Swichi ya joto, ile yenye umbo la sarafu iliyofungwa kwenye bati, ikiwa baridi inapaswa kusoma karibu na sifuri. Nyingine zina kitufe kidogo katikati. Kibonyeze, ukisikia tik imerudi. Lakini jiulize kwa nini ilikata. Feni inazunguka? Mpira wa mlango umechanika mahali ukavujisha joto?

Sensa ya joto unaweza kuipima nyuma hapohapo kwenye kiunganishi chake, mlango ukiwa bado umefungwa. Oveni nyingi za Marekani zina sensa ya omu 1,000 kwenye nyuzi 0. Jikoni penye nyuzi 20 itasoma kama 1,080. Kwetu kwenye nyuzi 30 itasoma kama 1,117. Baadhi ya za Ulaya zina sensa ya omu 500, hivyo gawa kwa mbili. Ukisoma 2,000 na zaidi oveni ikiwa baridi, umempata mwongo: bodi inadhani kuna nyuzi 260 na kuendelea mle ndani, na inakulinda.

Vyote vikiwa vizima, hapo ndipo bodi ishukiwe.

Kabla hujarudisha bati

Safisha ndoano na tundu lake kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha. Usitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Yataungua na kuganda upya. Kama lazima kulainisha, ni unga wa grafaiti kidogo tu. Angalia bawaba, mlango ukifungwa ukae sawa pande zote mbili, kwa sababu mlango uliolegea upande mmoja utaikosesha ndoano tundu lake tena.

Rudisha waya kama zilivyo kwenye picha, funga bati. Jiko la gesi lipake povu la sabuni kwenye maungio baada ya kufungua valvu, ukiona mapovu yanaumuka funga na urekebishe. Washa umeme, anzisha usafishaji, subiri kufuli iingie, ghairi, isikilize ikitoka. Fanya hivyo mara tatu oveni ikiwa baridi.

Ukitaka usafishaji wa joto tena, ufanye siku ambayo hakuna unachohitaji kuoka kwa wiki nzima. Toa waya za kuwekea sinia, kwangua mafuta mazito kwa mkono kwanza. Mimi nyumbani kwangu natumia bikaboneti ya soda, ile tunayotia kwenye keki: naikoroga na maji iwe uji mzito, napaka, nalala, asubuhi napangusa.

Na sasa mlango ukiwa wazi, kabla hujaufunga, tafuta kibandiko chenye namba ya modeli. Kiko kwenye fremu ya mlango au nyuma ya droo ya chini. Kipige picha uihifadhi kwenye simu. Siku utakapokwenda Kariakoo kutafuta mota au swichi, muuzaji atakuuliza namba hiyo, na mlango ukiwa umejifunga huwezi kuisoma.